Barua kwa Bibi: Namna ya kumsaidia mtoto anayetatizwa na tahajia

Siku chache kabla ya Idi, kijana wetu mwenye umri wa miaka tisa aliketi kibarazani akamwandikia bibi yake barua. Alikuwa amekamilisha kuhifadhi juzuu Amma, akapewa zawadi, na alitaka furaha yake imfikie bibi aliyeko Pangani. Aliandika bila kuombwa na mtu. Kwa idhini yake tunaiweka hapa kama alivyoiandika:

"Bibi, nime maliza juzu ama. Baba ame nipa dhawadi ya karamu. Mwalimu ame sema nita pata sawabu. Njoo apa kwetu idi tu le nyama ya ngombe. Nina kupenda."

Sisi wazazi wake tuliipokeaje? Mmoja wetu alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari chini ya kila kosa, akahesabu, akapata makosa 14. Dada yake akasoma kwa sauti, akacheka: "Umepewa karamu? Mbona sisi hatukualikwa?" Kijana aliikunja barua, akaondoka nayo. Haikutumwa.

Kwa majuma matatu yaliyofuata hakuandika ila alicholazimishwa, na alipolazimishwa alichagua maneno mafupi ambayo si rahisi kuyakosea. Siku moja tulipokuwa tukitandika kitanda tuliikuta barua ile chini ya godoro, imekunjwa mara nne. Usiku ule, baada ya swala ya Isha, aliuliza: "Baba, kuna kazi gani ambayo mtu haandiki?"

Tulikuwa tunamfundisha nyumbani kwa mwaka wa pili, baada ya maradhi kumtoa shuleni muhula mzima. Tulidhani tatizo letu ni tahajia. Swali lile lilitufahamisha kwamba tatizo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko tahajia: mtoto alikuwa anapanga maisha yake kwa kuikimbia kalamu. Makala haya yanaeleza tuliyojifunza tangu usiku ule. Hatuwaiti wazazi wote kuwatoa watoto shuleni. Kila nchi ina sheria zake za elimu, na mzazi anapaswa kuzijua kabla ya kuamua. Lakini wengi wenu mnakaa na watoto jioni wakiwa na daftari mkononi, nanyi pia, kwa saa hiyo moja, ni walimu wa nyumbani. Haya yanawahusu.

Kosa la kwanza lilikuwa letu

Barua ile ilikuwa na habari nne za kweli na mwaliko mmoja. Ilikuwa na upendo. Bibi angeisoma angeielewa yote, isipokuwa pengine neno "karamu". Sisi hatukujibu hata neno moja kati ya yale aliyoyasema. Tulijibu namna alivyoyaandika. Mtoto anayetendewa hivyo hajifunzi kuandika vizuri. Anajifunza kwamba kuandika ni kujianika.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kuwa Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka 10, alieleza kwamba katika muda wote huo hakuwahi kusikia kutoka kwake neno la kuudhika, wala hakulaumiwa kwa jambo alilolifanya au aliloacha kulifanya. Anas alianza utumishi huo akiwa bado mtoto. Ni wazi kwamba alikosea mara nyingi, kama wanavyokosea watoto wote, na ni wazi pia kwamba alifundishwa, kwani alikuja kuwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi. Kufundisha na kukemea ni mambo mawili, nasi tulikuwa tumeyachanganya.

Kwa hiyo tulianza kwa kumwomba radhi. Tulimwambia kuwa barua yake ilikuwa nzuri, na kwamba tulifanya haraka ya kutazama herufi kabla ya kutazama maneno yake. Kisha tukaweka sharti la nyumbani, nalo ni hili: kwanza huandikwa, baadaye hunyooshwa. Mtoto anapotunga, hakuna anayemkatiza. Anapoandika neno asilo na hakika nalo, hupiga mstari mwembamba wa penseli chini yake mwenyewe na kuendelea. Kalamu nyekundu tukaiweka kabatini. Na dada yake akakatazwa kucheka. Naye, kwa haki yake, akapewa kazi ya kuwa msaidizi.

Aina tano badala ya makosa 14

Jambo lililotufaa kuliko yote ni dogo. Tuliichukua barua ile tukayapanga makosa kwa aina zake badala ya kuyahesabu moja moja. Tukakuta hivi:

Makosa sita yalikuwa ya kukata neno moja vipande: "nime maliza", "ame nipa", "ame sema", "nita pata", "tu le" na "nina kupenda". Mawili yalitokana na sauti ambazo asili yake ni Kiarabu au zinazochanganywa nazo: "dhawadi" badala ya zawadi, na "sawabu" badala ya thawabu. Moja lilikuwa la kuchanganya l na r, "karamu" badala ya kalamu. Mawili yalitokana na sauti zisizosikika vizuri sikioni mwake: "apa" badala ya hapa, na "ngombe" badala ya ng'ombe. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya herufi kubwa na herufi zinazojirudia: "juzu", "ama" na "idi".

Makosa 14 humkatisha mtu tamaa. Aina tano ni kazi ya miezi michache. Zaidi ya hayo, aina moja ilibeba karibu nusu ya makosa yote. Mtoto aliyeambiwa "umekosea mara 14" aliamini kuwa hajui chochote. Mtoto yule yule alipooneshwa kwamba makosa sita ni kosa moja lililorudiwa, uso ulifunguka. Tunawashauri wazazi wenzetu wachukue maandishi mawili au matatu ya mtoto, wakiwa peke yao, waandike makosa yote katika karatasi pembeni na kuyapanga mafungu. Fungu kubwa ndilo liwe somo la kwanza. Mengine yangoje.

Neno moja au mawili?

Kiswahili ni lugha inayomhurumia mwandishi. Irabu zake ni tano, na kila moja ina sauti yake mahali popote. Hakuna herufi iliyofichwa. Mtoto anayejua kusikiliza silabi anaweza kuandika maneno mengi ambayo hajapata kuyaona. Ugumu wake mmoja mkubwa ni huu wa kujua neno linaanzia wapi na kuishia wapi, kwa sababu kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja. "Ninakupenda" ni neno moja, ingawa ndani yake wamo watu wawili.

Tulimpa kijana wetu kipimo cha mlangoni. Tulimwambia: "Nenda mlangoni, umwite dada yako, umwambie 'nime', kisha unyamaze." Alikwenda, akasema, dada yake akabaki amesimama akingoja. "Unaona? Neno lako halijafika. Basi usiliachie nafasi." Hivyo "nime", "ame", "nita" na "tu" ya tendo hushikamana na tendo lake: nimemaliza, amenipa, nitapata, tule.

Palibaki "nina", ambayo mlangoni husimama. Hapo tulimfundisha kutazama kinachofuata. Kikifuata kitu, huachwa nafasi: nina kalamu, nina njaa. Likifuata tendo, huunganishwa: ninasoma, ninakupenda. Kisha tukamwonesha upande wa pili, yaani maneno yanayopaswa kuachana ambayo watu huyabana: kwa sababu, kwa hiyo, ya kwangu, na kadhalika. Tulimwomba atafute makosa hayo katika matangazo ya barabarani na ya misikitini. Katika juma moja alirudi na manne, tena kwa furaha kubwa. Kugundua kuwa na watu wazima wanakosea kulimwondolea aibu ambayo maneno yetu ya kumfariji hayakuweza kuiondoa.

Msahafu unapolifaa daftari

Katika jambo la sauti za dh, th na gh, familia ya Kiislamu inayo hazina ambayo mara nyingi haitumii. Mtoto wetu husoma Qur'ani. Ulimi wake umekwisha kufundishwa na mwalimu wake wa madrasa kutofautisha thaa na siin, dhaal na zay. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tofauti ile ile ndiyo inayotenganisha thawabu na sawa, au dhambi na zamani, katika daftari lake la Kiswahili.

Tulichora jedwali la safu mbili, tukaanza na maneno anayoyasikia kila siku. Thawabu, thamani na thelathini zina thaa, nasi huandika th. Dhambi na adhana zina dhaal. Ramadhani na dharura zina dhaad. Dhuhuri na dhuluma zina dhaa yenye kijiti. Herufi hizo tatu za Kiarabu, Kiswahili huziandika zote kwa dh. Ghafla na magharibi zina ghayn, nasi huandika gh. Zaka na zamani zina zay, nayo hubaki z. Kijana alipoiona orodha hiyo alisema, "Kumbe nilikuwa najua!" Naam, alikuwa anajua, hakuwa ameonyeshwa tu.

Tukamweleza pia kwa nini aliandika "dhawadi". Siku za nyuma alikuwa ameandika "zambi" akasahihishwa kuwa ni dhambi. Tangu hapo akawa anatia dh kila penye shaka. Mtoto anayesahihishwa neno bila kupewa sababu hubeba hofu, na hofu humfanya akosee hata alipokuwa sahihi. Jozi ya maneno husaidia zaidi kuliko kukariri: dhana ni jambo tunalolidhania, zana ni vifaa vya kazi. Thamani ni ubora au bei ya kitu, samani ni viti na makabati.

Daraja hili lina mipaka yake, na mtoto aambiwe mapema. Khaa ya Kiarabu mara nyingi imekuwa h katika Kiswahili, kama katika habari na hatari, ingawa imebaki kh katika sheikh na khalifa. Ayn haina herufi kwetu: ilm imekuwa elimu. Na yapo maneno ambayo sisi Waislamu wenyewe huyaandika kwa namna mbili, kama sala na swala. Katika hayo, chagueni namna moja nyumbani kwenu, muishike mpaka mtoto atulie. Palipo na ubishi, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iwe kadhi. Baba na mama nao wafungue kamusi mbele ya mtoto, aone kuwa kuuliza si udhaifu.

Wako wazazi wanaohofu kuwa kuandika Kiarabu kutoka kulia na Kiswahili kutoka kushoto ndiko kunakomchanganya mtoto. Kwetu sisi haikuwa hivyo. Tulichora mshale mdogo juu ya ukurasa kuonyesha mwandiko unaelekea wapi, na baada ya siku chache hakuuhitaji tena. Tukumbuke kwamba Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya kukisanifisha kwa nchi za Afrika Mashariki. Hata neno "tahajia" na neno "imla" ni ya Kiarabu, sawa na kalamu na daftari. Mtoto wa madrasa si mgeni katika nyumba hii.

Sikio, ulimi na mkono

Kwa sauti za h, ng' na l au r, macho hayatoshi. Tulimfundisha kuweka kiganja mbele ya mdomo na kusema "ama", kisha "hama". Katika la pili pumzi hugusa kiganja. Alipoandika "apa", hatukumwambia amekosea, tulimwambia, "Weka mkono." Mara nyingi hilo lilitosha. Kwa ng', tulimsemesha "ngoma" na "ng'ombe" polepole. Katika "ngoma" husikika g ikigonga nyuma ya ulimi. Katika "ng'ombe" sauti hubaki puani. Ule mkato juu ya herufi, tulimwambia, ni alama ya kuifukuza g.

Kwa l na r, kipimo hiki hakikutosha. Yako maneno ambayo hayana budi kukaririwa, hasa katika nyumba ambazo lugha ya mama haitenganishi sauti hizi mbili. Tulitumia jozi zenye kuchekesha: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Kila neno alilichorea picha. Mama akilitamka, yeye huinua picha yake kabla ya kuandika. Kijana aliyewahi kuchekwa kwa "karamu" alichora sinia la pilau lenye kalamu imechomekwa katikati, na picha hiyo bado iko ukutani.

Vyuo vya zamani vya pwani vilikuwa na hekima yake. Mtoto aliandika juu ya ubao, akasoma alichoandika kwa sauti, ubao ukaoshwa, akaandika tena. Jicho, sikio, ulimi na mkono vilifanya kazi pamoja. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walijenga juu ya msingi kama huo njia ya kuwafundisha watoto wanaoshindwa kusoma na kuandika, na njia hiyo inatumika hadi leo. Nyumbani huhitaji kifaa chochote cha kununua. Sinia lililotandazwa unga au mchanga mkavu na kidole cha mtoto vinatosha. Aandike neno huku akitamka kila silabi, alifute kwa kiganja, aliandike tena bila kutazama.

Dakika 15 za imla

Tuliacha masomo marefu ya tahajia. Badala yake tuliweka dakika 15 kila siku baada ya swala ya Alfajiri na chai, akili ikiwa bado haijachoka. Mpangilio wetu ni huu.

Kwanza, maneno matano kwa juma, si zaidi, nayo hutoka katika maandishi yake mwenyewe. Kila neno hulitazama, akalitamka kwa silabi akipiga makofi, akalifunika, akaliandika, kisha akafunua na kulikagua yeye mwenyewe. Kukagua ni kazi ya mtoto. Mzazi akikagua kila mara, mtoto hungoja hukumu na jicho lake halizoei.

Pili, sentensi mbili za imla zenye maneno hayo. Mama husoma sentensi, mtoto huirudia kwa mdomo na kuhesabu maneno yake kwa vidole kabla ya kugusa penseli. Kule kuhesabu kwa vidole ndiko kulikomponya ugonjwa wa "nime maliza". Akimaliza, husoma alichoandika akiweka nukta chini ya kila neno.

Tatu, maneno hurudi. Neno la Jumatatu huulizwa tena Jumanne, kisha Ijumaa, kisha juma lifuatalo. Neno lililojulikana siku moja na kusahaulika baada ya tatu halikuwa limejulikana, na si kosa la mtoto; ndivyo kumbukumbu za binadamu zilivyo. Mwalimu yeyote wa hifdhi analijua hilo, ndiyo maana huwa na siku za muraja'a. Tulistaajabu kwamba tulikuwa tukifuata kanuni hiyo katika kuhifadhi sura lakini hatukuwahi kuitumia katika tahajia.

Nne, kila siku aandike kitu chenye mpokeaji. Orodha ya dukani ambayo ataipeleka mwenyewe. Ujumbe kwa shangazi. Majina ya wageni wa futari. Mtoto hujali herufi anapojua kwamba kuna mtu atakayezisoma. Nasi wazazi tujichunge: tunaotuma ujumbe wa simu wenye "xaxa" na "cjui" tusishangae watoto wakituiga.

Kiingereza kisubiri zamu yake

Wazazi wengi hufundisha Kiswahili na Kiingereza kwa pupa moja, na mtoto dhaifu wa tahajia huzama hapo. Kwa Kiingereza herufi a huitwa "ei", e huitwa "ii" na i huitwa "ai". Mtoto anayetafuta irabu ya Kiswahili kwa majina hayo hawezi kuipata. Tena Kiingereza kina herufi zinazoandikwa na hazitamkwi, kama k katika "knife". Sikio lililozoezwa Kiswahili haliwezi kuisikia, kwa kuwa haipo.

Kwa hiyo tulitenga siku. Siku tatu za Kiswahili, siku mbili za Kiingereza, na madaftari mawili yenye majalada ya rangi tofauti. Maneno ya Kiingereza tuliyafundisha kwa koo zake: "night", "light" na "right" hukaa nyumba moja. Hatukuomba yasikilizwe, tuliomba yatazamwe. Mtoto akishajua kuwa lugha moja huandikwa kwa sikio na nyingine kwa macho, huacha kujilaumu.

Juhudi zinapogota

Yote hayo huenda yakafanywa kwa uaminifu kwa miezi sita na mtoto akabaki alipokuwa. Hapo mzazi asiseme "mvivu" wala "hana akili". Kwanza apimwe macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuandika h asiyoisikia, na wengi hawajui kwamba hawasikii, kwa sababu hawajapata kusikia vinginevyo.

Kisha kuna hali iitwayo disleksia. Ni ugumu wa ubongo katika kuunganisha sauti na herufi, nao hauna uhusiano na uchache wa akili wala malezi mabaya. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Alikuwa mwerevu na hesabu alizimudu, lakini kusoma na kuandika kulimshinda. Hata jina lake aliliandika "Precy", asilione kosa. Mwalimu wake alisema kwamba, kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, yeye angekuwa kijana hodari kuliko wote shuleni.

Dalili zake ni za kudumu, si za siku moja: mtoto mkubwa anayeendelea kuchanganya b na d, anayeandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, anayesoma kwa taabu na polepole kupita kiasi, anayeshindwa kukata neno katika silabi kwa makofi ilhali wenzake wanaweza. Hali hii pia hurithiwa katika koo. Tulipomweleza bibi habari za mjukuu wake kwa simu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba marehemu babu aliendesha duka miaka mingi kwa kumbukumbu ya kichwa, na madeni yote ya wateja aliyahifadhi moyoni, kwa sababu herufi "zilimchezea". Hatukuwa tumelijua hilo. Babu aliishi nalo kimya kwa aibu ile ile ambayo mjukuu wake aliificha chini ya godoro.

Mzazi mwenye shaka na amwone mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kwa mfano, kinafahamika kwa kuwaandaa walimu hao, na ofisi ya elimu ya wilaya inaweza kumwelekeza mtu kwa aliye karibu. Kwenda kuuliza mapema si kumtia mtoto alama. Kumwacha mpaka aichukie shule na madrasa ndiko kumtia alama.

Thawabu mbili

Mama wa waumini Aisha (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayeisoma Qur'ani kwa umahiri yuko pamoja na Malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kusitasita, naye inamwia vigumu, ana thawabu mbili. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Tunaona ndani yake adabu kubwa kwa kila mlezi: anayepata taabu hakuambiwa aondoke kwenye safu, wala hakuambiwa kwamba taabu yake ni kasoro. Taabu yenyewe imehesabiwa.

Tulimsimulia kijana wetu hadithi hiyo usiku mmoja, tukamwambia kwamba mwenye kupata taabu katika kheri hapotezi kitu kwa Mola wake. Akauliza kama inahusu na imla. Tulimjibu kuwa hadithi inazungumzia Qur'ani, na hatuwezi kuipeleka pengine kwa matamanio yetu, lakini Mwenyezi Mungu (s.w.) hapotezi malipo ya mwenye kujitahidi, na elimu aliyoiteremshia Mtume wake kwanza kabisa, katika sura ya Al-Alaq, inataja kusoma na inataja kalamu.

Juma lililopita aliitoa ile barua ya zamani, akainakili upya. Alihesabu maneno kwa vidole. Aliweka kiganja mbele ya mdomo alipofika "hapa". Aliandika "thawabu" kwa th bila kuuliza. Neno "juzuu" bado lina u moja, na "Idi" ameianza kwa herufi ndogo. Tuliyaona makosa hayo mawili, tukatazamana, tukanyamaza. Barua ilitiwa katika bahasha ikapanda basi la Pangani siku ile ile, pamoja na mwaliko wa kuja kula nyama ya ng'ombe.